Siku Niliyosema Mama Ana Njaa

Watu wakiniuliza miaka ile ya baada ya Mapinduzi ilikuwaje, huwaambia nilikuwa naogopa, basi. Hawaridhiki. Wanataka habari za wakubwa, nani alikamatwa, nani alikimbia. Mimi sina hizo. Nilichokuwa nacho ni woga wa kila siku, wa kulala nao na kuamka nao, kama mtu anavyoishi na jino bovu. Niliogopa hodi. Hodi isipopigwa niliogopa vilevile, kwa sababu kaka yangu alikuwa ameondoka Unguja bila ruhusa, na tangu siku ile mlango wetu ulikuwa ukitazamwa. Nani alikuwa akiutazama sikumjua, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Tulibaki wawili nyumbani, mimi na mama. Nilikuwa nimeachika, sina mtoto, nashona kofia ukumbini mpaka macho yananiuma, na mama anapika. Asubuhi moja nilisikia upawa umeanguka jikoni. Nikamwita mama, hakuitika. Nilimkuta amekaa chini ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia vimelegea kabisa. Alikuwa anataka kuniambia kitu. Sauti inatoka, maneno hayatoki. Majirani wakambeba mpaka zahanati ya mtaa wa pili.

Zahanati yenyewe ilikuwa nyumba ya mtu. Mwenye nyumba alikwisha kuondoka, Serikali ikaichukua, na chumba cha chini kilichokuwa ghala ya karafuu kikawa chumba cha wagonjwa wanawake. Ukivuta pumzi bado ulizisikia karafuu chini ya harufu ya dawa. Muuguzi alikuwa mmoja kwa chumba kizima, wenzake wengi wa zamani walikuwa nao wamekwenda zao. Alikuwa mtu mwema, sina la kumlaumu. Alikuwa akitembea upesi upesi na huku anazungumza peke yake.

Kulikuwa na amri mpya. Zamani mgonjwa hakulazwa peke yake. Mwenye kumuuguza alilala naye, mkeka wake chini ya kitanda, birika lake pembeni, na yeye ndiye aliyemlisha, akamtawadhisha, akamgeuza ubavu. Sasa tuliambiwa hayo ni mambo ya kikoloni. Mwananchi amekombolewa, halali tena sakafuni, Serikali itamuuguza mgonjwa yenyewe. Jamaa waingie baada ya alasiri na kabla ya magharibi watoke, wala wasilete chakula cha nyumbani. Maneno mazuri, na nasema kweli niliyapenda nilipoyasikia. Lakini chakula cha mchana kilikuja adhuhuri, na cha usiku kilikuja magharibi imekwisha kupita.

Kitanda cha jirani alilazwa binti wa Uroa mwenye jeraha la mguu lisilotaka kupona. Aliyemleta ni mama yake, mtu mzima, umri mmoja na mama yangu, mwembamba, mwenye sauti kubwa ya watu wa pwani waliozoea kuitana kwa mbali. Mjini hakuwa na jamaa. Tukitolewa sote jioni, mimi huenda nyumbani kwangu, yeye sijui anakokwenda. Ikanyesha mvua siku moja, nikapita uchochoro wa nyuma, nikamkuta amejikunyata kwenye baraza ya nyumba ya watu, buibui kajifunika kichwa. Nikamwambia inuka twende. Akakataa. Nikamkasirikia, maana mimi nina hasira za karibu, nikamwambia kama hutaki kulala kwangu basi nitalala hapa hapa na wewe tulowe sote. Akacheka, akainuka.

Akawa analala kitanda cha mama. Aliniita mwanangu kuanzia siku ya kwanza, na alikuwa na vichekesho ambavyo siwezi kuviandika hapa. Akinywa kahawa ndipo ulimi unapolegea.

"Kwetu samaki tunao," alisema. "Mchele ndo umekuwa hadithi. Nnakwambia mwanangu, mjukuu wangu kauliza wali ni kitu gani."

Nikainuka, nikafunga dirisha.

"Unafunga nini? Nimetukana?"

"Sema polepole, mama."

Miaka ile mchele na unga vilikuwa kwa foleni, na siku nyingine unafika mbele ya foleni ukaambiwa vimekwisha. Kila mtu alijua, na kila mtu alikuwa akipika muhogo. Lakini lipo neno lililokuwa halisemwi, nalo ni njaa. Ungeweza kusema vitu haba, kwa mtu unayemwamini. Aliyesema njaa alikuwa amesema wakubwa hawawalishi watu wao, na aliyesema hivyo aliulizwa nani kamfundisha.

Na mama alikuwa anakonda. Kila alasiri nikiingia namkuta amepungua, mifupa ya shingo imetoka. Nilimuuliza muuguzi.

"Bi mkubwa hataki kula," aliniambia. "Sahani naiweka, na kama nilivyoiweka ndivyo ninavyoiondoa."

Nilikuwa nimeficha ndani ya buibui kipande cha mkate wa ufuta. Nikamega, nikamtia mama mdomoni, akala kwa pupa mpaka akapaliwa. Nikamega tena, akala tena, huku machozi yanamtoka upande mmoja wa uso. Huyu si mtu asiyetaka kula. Niliingiwa na hofu ambayo sijawahi kuijua, kwa kuwa mama yangu alikuwa anakufa mbele ya sahani ya chakula na mimi sijui kwa nini.

Siku iliyofuata nilikwenda adhuhuri. Sikuthubutu kuingia. Nikazunguka uchochoroni, nikasimama nyuma ya nondo za dirisha la chumba chao, buibui nimelivuta mpaka puani kama mwizi. Nikamwona muuguzi anapita na sahani. Alipofika kwa mama akaiweka kwa adabu upande wa kulia, kama kila mtu aliyelelewa vizuri anavyomwekea mwenzake chakula, akaenda kwa mwingine. Mama akaitazama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pale pale karibu na sahani, hauna kazi. Kisha nikaona mkono wa kushoto unainuka taratibu, unavuka kifua, unafika kwenye ukingo wa sahani. Mama akatazama huku na huku. Wanawake wengine walikuwa wanakula, wanamwona. Mkono ukarudi mapajani.

Hapo ndipo nilipofahamu, na nilitaka kupiga ukelele. Mama yangu ndiye aliyenichapa vidole nilipokuwa mtoto kila nilipougusa mkate kwa mkono wa kushoto. Huu ni mkono wa chooni, alikuwa akiniambia, mbele za watu mtu hali kwa mkono wa chooni. Ulimi wa kujieleza hana, mkono wa heshima hana. Akachagua kukaa na njaa kuliko kuonekana hana malezi. Sheria ya dini inampa mgonjwa ruhusa, kila mtu anajua, lakini nani wa kumwambia mama? Mama hakuwa akitaka ruhusa. Alikuwa akitaka mtu wake amlishe.

Nilimweleza muuguzi alasiri ile. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajishika kiuno, akatikisa kichwa.

"Nimekufahamu, dada. Masikini bi mkubwa! Lakini mimi nikikaa kumlisha mmoja, hawa wengine nani atawaangalia? Na wewe nikikuingiza adhuhuri, nitaulizwa mimi." Akatazama mlangoni, akapunguza sauti. "Kwenye tawi la chama kuna mkutano wa zahanati. Wanataka wagonjwa na wanaowauguza waseme wenyewe mambo yaendeshweje. Nenda kaseme. Lakini usinitaje."

Habari za mkutano nilikwisha kuzisikia. Gari la kipaza sauti lilipita mitaani likitangaza kuwa wananchi waje watoe maoni yao kwa uhuru, wasiogope. Sijui kama aliyekuwa akitangaza alijua neno lile linatufanya nini. Tulikuwa tumekaa na woga wetu kimya kimya, mtu anakuja kutuambia tusiogope.

Bi wa Uroa alinikataza. "Usende, mwanangu," alisema. "Wakikualika useme, jua yupo aliyealikwa asikilize. Na nyie mna kijana wenu aliyetoroka. Wewe kaa kimya, mama yako Mungu atamwona."

"Mungu anamwona. Mimi je, nisimwone?"

Usiku nilimsikia anaomba dua kitandani kwa mama, na jina langu limo ndani.

Nilijipanga nitakavyosema. Nitaanza kwa kushukuru. Nitasema mama ana maradhi ya kupooza, anahitaji mtu wa kumlisha, naomba niingie adhuhuri. Hapana mkono wa kushoto, hiyo ni siri ya mama. Hapana njaa. Niliyarudia maneno yale huku nashona mpaka sindano ikanichoma.

Mkutano ulikuwa ukumbi wa chini wa tawi, baada ya sala ya alasiri. Wanaume mbele kwenye viti, wanawake nyuma kwenye majamvi. Mwenyekiti wa tawi alikuwa amekaa peke yake nyuma ya meza. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, na upole ule ndio uliokuwa ukitutisha, maana hatukuwahi kumsikia akipaza sauti na hata hivyo watu walikuwa wakiitwa kwake na wengine hawarudi upesi. Alisema zahanati ni yetu, tuseme tunataka nini. Mzee mmoja akasimama, akashukuru. Mwingine akasimama, akashukuru zaidi. Mwanamke mmoja, ambaye nilijua mwanawe analala amejikojolea mpaka asubuhi, akasema huduma ni nzuri mno. Nikamtazama, akatazama chini.

"Basi hakuna shida yoyote?" aliuliza mwenyekiti. "Nimwandikie mkubwa wangu hakuna shida?"

Alisema hivyo na akaanza kukunja karatasi yake. Nikaiona sahani ikiondoka mbele ya mama. Sijui nilisimama vipi. Miguu si yangu, mdomo si wangu. Nikashukuru kama nilivyojipanga, nikaanza kueleza, na kila mtu amegeuka kunitazama. Mwanamume mmoja wa mbele akanikatiza, akasema wagonjwa wote wanapewa chakula, amekiona kwa macho yake, huyu mwanamke anataka nini?

Hasira zikanipanda, na hasira hazikumbuki mpango.

"Chakula anapewa," nilisema. "Hana mkono wa kukilia. Mama yangu anashinda na njaa. Analala na njaa. Mama yangu ana njaa!"

Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akavuta buibui lake lisiguse langu. Nikakaa. Mwenyekiti akaniambia kwa sauti yake ya upole, "Wewe, bibie. Kesho asubuhi uje tawini."

Mdomo huponza kichwa, ndivyo walivyotuambia wazee, na mimi siku zote nilidhani wanasemwa wengine. Bi wa Uroa hakunilaumu. Alinipikia uji, nao nikauacha. Nilivaa magauni mawili, moja juu ya jingine, kama nilivyosikia watu wanafanya, usijue utalala wapi. Nikamwambia nisiporudi amwambie mama nimekwenda shamba. Nikamkabidhi funguo.

Tawini niliwekwa kwenye benchi. Kila mlango ukifunguka nageuka kutazama. Nilikuwa nasoma aya nilizozijua, nazichanganya, naanza upya. Jasho la magauni mawili lilikuwa linanitiririka mgongoni. Nilipoitwa ndani niliitika "naam" na sauti ikatoka ya mtu mwingine.

"Nani kakutuma kusema yale?" aliuliza mwenyekiti.

"Hajanituma mtu."

"Kaka yako hakuandikii?"

"Haandiki."

"Muuguzi je?"

"Hajui kitu, Mzee. Ni mama yangu. Mkono wake wa kulia umekufa, na kwa kushoto hali, anaona haya." Nikaanza kulia. Nikamtoa mama siri yake, yote, mpaka vidole alivyonichapa, mbele ya mtu niliyekuwa namwogopa kuliko wote duniani.

Akajipangusa shingo kwa leso. Ndipo nilipoona kwamba na yeye anatoka jasho, na gauni alikuwa hana hata moja la ziada.

"Wakubwa wameniuliza," alisema, "kwa nini kamati ya zahanati yangu haina mtu hata mmoja wa upande wa wagonjwa. Nimeitisha mkutano, mmekaa mnanishukuru. Nitawaambia nini? Wewe unajua kusema. Utaingia kwenye kamati."

Sikufahamu. Nikadhani ni mtego. Akaendelea kuwa mgonjwa asiyeweza kujilisha atapata ruhusa ya mtu wake mmoja, aingie nyakati za chakula, na mimi nianze siku ile ile. Nikataka kumbusu mkono. Nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni aliponiita tena.

"Na kila Ijumaa uje hapa uniambie wanasema nini."

"Wagonjwa?"

"Wagonjwa. Jamaa zao. Wote wanaozungumza."

Alikuwa anauliza habari za sahani na vitanda, au alikuwa anauliza habari nyingine? Mpaka leo sijui. Sijui kama yeye mwenyewe alijua. Nilisema naam, nikangojeshwa tena benchini mpaka ruhusa yangu ikaandikwa, ndipo nikatoka.

Nilikimbilia nyumbani kwanza, nimpe bi wa Uroa habari, tufurahi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, funguo ziko juu ya cherehani. Kitanda cha mama kimetandikwa vizuri, na kikapu chake hakipo. Jirani aliniambia dirishani, bila ya kunitazama, kuwa habari ilikwisha kufika mtaani: nimeitwa tawini, nimetoka salama, na nimepewa kazi huko. Mgeni wangu aliposikia alikusanya vitu vyake akaondoka mbio. Nilisimama pale chumbani nikiwa bado na magauni yangu mawili. Aliyeitwa akarudi na majeraha alikuwa mwenzetu. Aliyeitwa akarudi na kazi, watu walijiuliza amelipia nini.

Adhuhuri nilimlisha mama. Nilikaa upande wake wa kushoto, nikamfanyia pazia kwa kanga yangu, nikamtilia matonge mdomoni, polepole. Alikula yote. Alipomaliza alinishika mkono kwa ule mkono wake wa kushoto, akanishika kwa nguvu, na nilishukuru kuliko nilivyowahi kushukuru kitu. Tangu siku hiyo alinawiri, na aliishi miaka mingine. Haya ni kweli, na sitaki mtu anidharaulie kamati ile mbele yangu.

Siku ya Ijumaa nilitakiwa nipite vitandani na mwenyekiti, jamaa wakiwemo. Tulianza mlangoni. Kila tulipofika watu walisimama. Niliwauliza wana shida gani, wakajibu hawana. Yule mama wa mtoto wa kujikojolea alijibu kabla sijauliza. Nikafika kitanda cha binti wa Uroa. Binti alikuwa na mkono mzima, anajilisha mwenyewe, kwa hiyo ruhusa mpya haikumhusu mama yake, na mama yake niliona pindo za buibui zimejaa tope la uchochoroni. Alikuwa amerudi kulala barazani. Jambo la kusema lilikuwepo, na mtu wa kumwandalia mahali pa kulala alikuwa amesimama nyuma yangu, anangoja kusikia.

"Mama," nilimwambia, "mwambie mwenyekiti unalala wapi."

"Nnalala pazuri," alisema. Ile sauti yake kubwa haikuwepo.

"Ni mimi, mama. Sema tu. Usiogope."

Niliposikia neno lile limetoka kwangu nikataka kulirudisha. Alikuwa amesimama, mkono mmoja ameshika kitanda cha mwanawe. Nilijua anakumbuka kahawa tulizokunywa, na mchele, na mjukuu wake, na kila alichosema madirisha yakiwa yamefungwa. Nikanyoosha mkono nimguse bega. Akarudi nyuma hatua, akainamisha kichwa, mwanamke wa umri wa mama yangu, akaniambia, "Shikamoo."